Jambazi Aliyelala Vumbini

Tulimzika Baba mdogo Anselmi mjini Buffalo, theluji ikiwa imeshachafuka kando ya barabara, na kutoka makaburini watu wote walishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kula. Ukumbi ule una dari fupi na mabomba yaliyopakwa rangi nyeupe, na watu wakijaa na makoti yao yaliyolowa hunuka sufu na mafuta ya kukaangia ndizi. Sisi watatu tulikaa benchi moja, mimi, mdogo wangu Onesimo na mdogo wetu wa mwisho Goreti, sahani mapajani. Ndipo akaja mtu mwenye mvi ambaye sikumtambua. Alisimama mbele yetu, akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi si watoto wa Mtafsiri?" Onesimo akasema ndiyo, mzee. Yule mtu aliweka sahani yake juu ya kiti, akatanua miguu kama aliyeshuka sasa hivi kwenye farasi, akashusha kofia ambayo hakuwa nayo, na akaanza kwa sauti nzito: "Wadogo zangu! Wanaotufuata ni wengi. Tukienda pamoja watatumaliza pamoja. Wewe shika njia ya mlima, wewe shika njia ya mto, mimi wataniona barabarani. Mwezi ukiandama tutaonana ng'ambo." Mama mmoja aliyekuwa anaosha masufuria alipaza sauti kutoka jikoni, "Na farasi je? Umesahau farasi!" Watu wakacheka, pale pale msibani. Onesimo naye alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Kwa asiyeijua kambi yetu ya wakimbizi kule Tanzania, lazima nieleze kazi ya baba yetu. Kulikuwa na kibanda cha video, kuta za udongo, turubai juu, jenereta nyuma, ambacho kila mtu alikiita kibanda umiza kwa sababu mabenchi yake yalikuwa yanaumiza kweli. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na sisi Warundi wa kambini Kiingereza tulikisikia kama mvua kwenye bati. Kwa hiyo mwenye kibanda alimwajiri Baba asimame kando ya televisheni na fimbo, awaambie watu kinachosemwa. Tatizo ni kwamba Baba mwenyewe Kiingereza hakukijua. Alitazama nyuso, alitazama mikono, akawapa maneno. Mkanda uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa zamani, usio na rangi, wa jambazi mmoja wa nchi ya farasi na kofia pana anayesakwa na askari jangwani. Watu waliurudia mpaka picha ikawa na mistari. Kwa maneno ya Baba, jambazi yule alikuwa kaka mkubwa, na vijana wawili waliopanda farasi pamoja naye walikuwa wadogo zake, na alichoiba aliiba kwa ajili yao. Mwishoni picha ilimwonyesha amelala vumbini, kofia pembeni, mkono mmoja umenyooka. Vijana wa kibanda walikuwa na sheria yao, kwamba staringi hafi, na akifa watataka kurudishiwa kiingilio. Baba alishusha fimbo, akasema taratibu, "Amelala tu. Amechoka. Anawangoja wadogo zake." Na watu walitoka nje wameridhika. Mimi pia niliridhika. Nilikuwa nikikaa mbele na Goreti mgongoni, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu achague kulala juani wakati kivuli kiko karibu.

Baba alifariki mapema mwaka 2015, mwaka ambao nataka kuusimulia hapa. Tulikuwa tumeshahamia Marekani, tunakaa Louisville, upande wa South End, nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la Msomali anayeuza kadi za simu na nyama ya mbuzi. Moyo wa Baba ulisimama akiwa kazini, katika ghala la kupakia mizigo, na mtu wa zamu alinipigia simu akanisemesha polepole sana, kama watu wasemavyo na mtoto. Mama alikuwa ametangulia tukiwa kambini. Kwa hiyo tulibaki mimi, mwenye miaka ishirini na mbili, Onesimo wa kumi na saba, na Goreti wa kumi. Watu walitujazia nyumba. Jirani yetu wa ng'ambo ya korido, Mama Furaha, Mkongo wa milimani Kivu ya Kusini, alileta godoro lake akalala sebuleni kwetu bila kuombwa, na asubuhi alipika chai ya tangawizi katika sufuria kubwa akaigawa kwa vikombe vya karatasi. "Kunywa, Daforoza," aliniambia. "Utalia muzuri kama tumbo iko na kitu." Naikumbuka chai ile kuliko mahubiri yote ya wiki ile. Nakumbuka pia viatu vya Baba vya kazini, vyenye chuma mbele, ambavyo mtu aliviweka mlangoni na hakuna aliyethubutu kuvisogeza, kwa hiyo kila aliyeingia aliviruka.

Kilio kilimalizwa majira ya joto yalipokaribia, ili ndugu wa mbali wapate ruhusa makazini. Baba mdogo Anselmi, mdogo wake Baba, aliendesha gari kutoka Buffalo. Mama mdogo Odeta, mdogo wake Mama, alikuja na mumewe kutoka Columbus. Kwetu, siku ya kumaliza kilio ndiyo siku ya kupanga watoto wa marehemu. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, na ukuta kati ya jiko na sebule ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hata mtu akikuna kichwa ulimsikia. Nilisikia mume wa Mama mdogo akisema, "Msichana anatoka kazini saa ngapi?" Mtu akamjibu kwamba naingia mchana, natoka watoto wameshalala. "Na mdogo akitoka shule nani anamfungulia?" Halafu Mama Furaha: "Anajifungulia. Ufunguo iko ku shingo. Mie naye nafanya kazi, donc mutoto anabakiaka yeye moja mu nyumba. Bon, mie sisemi mubaya ya Daforoza. Lakini siku moja watu ya serikali watakuja, watabeba mutoto, na hapo tutasema nini?" Niliendelea kusonga. Ugali ulishaiva zamani, lakini niliendelea kusonga, maana nilijua nikiacha mwiko wataniita.

Wakaniita. Walikuwa wamekaa mduara, sahani za sambaza, vile visamaki vya kukaanga, mezani na soda zimefunguliwa. Onesimo na Goreti walikuwa kwenye kochi, nami nikakaa katikati yao. Nilisema kabla hawajaniuliza. "Nitawalea mimi. Niliacha shule darasa la sita ili niwalee, sitaacha sasa. Nitaomba zamu ya asubuhi." Mama mdogo akasema, "Uliomba, mwanangu. Walikukatalia." Nikasema nitaomba tena. Hakuna aliyenibishia. Laiti wangenibishia. Baba mdogo Anselmi, ambaye muda wote alikuwa anatazama sakafu, aliinua kichwa akatutazama sisi watatu kwenye kochi, akatutazama kwa muda mrefu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini. "Baba yenu alisema mwenyewe. Wanaofuatwa wakienda pamoja humalizwa pamoja. Kila mmoja ashike njia yake, mwisho mtaonana." Chumba kizima kikaitikia. Wote walikijua kibanda umiza, na wale ambao hawakukijua walikuwa wameisikia filamu ile kwenye sherehe, maana Baba aliiigiza hata harusini. Mama Furaha aliitikia kwa kichwa akasema, "Voilà. Ni maneno ya marehemu." Ningeweza kuwakatalia wao. Neno la Baba, na viatu vyake bado viko mlangoni, sikuweza kulikatalia. Ikapangwa hivi: Onesimo aende Buffalo kwa Baba mdogo, Goreti aende Columbus kwa Mama mdogo, mimi nibaki Louisville kwa sababu kazi ilikuwa Louisville.

Waliondoka siku moja, magari mawili, asubuhi. Onesimo alijifanya anashughulika na mizigo ili asiagane. Goreti aliniuliza kwa Kiswahili, "Mwezi ukiandama?" Nikamwambia ndiyo, mwezi ukiandama. Alikuwa na miaka kumi. Aliamini kwamba ni mwezi mmoja.

Watu huniuliza upweke ukoje, na mimi hujibu kwamba upweke ni ugali uliozidi. Kwa wiki nyingi mkono wangu ulipima unga wa watu wanne, halafu wa watatu, ukakataa kabisa kujifunza wa mmoja. Kilichobaki nilimpelekea Mama Furaha, naye alikipokea akisema, "Tena? Unataka ninenepe nikose bwana?" Kazini, kiwanda kilikuwa Jeffersontown, kwenye lile eneo la viwanda ambako majengo yote yanafanana na hayana madirisha. Tulifungasha vifaa vya mabomba katika maboksi. Tulikwenda watu saba kwenye gari moja la Mrundi mwenzetu aliyependa kukemea magari ya mbele kana kwamba wenyewe wanamsikia, na nyuma wanawake wa Kikongo walitaniana juu ya wanaume wa kanisani mpaka tunafika. "Wewe Daforoza hucheki?" walikuwa wakinichokoza. "Meno umeacha Tanzania?" Nilicheka. Nilikuwa nacheka kwenye gari na kwenye gari tu. Nikishuka, kicheko nilikiacha kitini.

Jumapili nilipiga simu. Onesimo alikuwa amepata kazi ya jioni kwenye duka la matairi karibu na nyumba ya Baba mdogo, West Side, na sauti yake ilikuwa inashuka kila wiki, inakuwa ya mtu mzima bila mimi kuwapo. Goreti alipokea simu huku televisheni inasikika nyuma. Mwanzoni aliniambia kila kitu. Baadaye nilimuuliza kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza, maneno mafupi, sawa, ndiyo, sijui. Nilimsikia Mama mdogo akimkumbusha, "Zungumza na dada yako vizuri." Mtoto anayekumbushwa kuzungumza na dada yake. Niliweka simu chini, nikaingia chumba walichokuwa wakilala, nikatandika vitanda ambavyo havikuwa vimetanduliwa.

Novemba, kiwanda kilipofungwa kwa ile sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga, nilipanda basi kwenda Columbus. Nilikuwa nimenunua shuka mpya za Goreti na sikumwambia mtu kwa nini. Mama mdogo alikaa kwenye nyumba za matofali mekundu, ngazi za nje, ndani joto zuri na harufu ya vitunguu. Alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo alikuwa nyumbani wakati wote. Goreti alikuwa amerefuka. Alinikumbatia haraka, akarudi kwenye zulia lake mbele ya televisheni. Mchana ule, baada ya kula, mume wa Mama mdogo alikuwa akibadilisha vituo, na ghafla nikaona farasi, na vumbi, na kofia. Nilisema "Acha hapo!" kwa sauti iliyomwamsha mtoto mchanga.

Ilikuwa yenyewe. Picha safi, haina hata mstari mmoja, na jambazi alikuwa kijana kuliko nilivyomkumbuka. Mama mdogo alikuja kutoka jikoni na kitambaa mkononi, akakaa. Niliposikia sauti halisi ya jambazi nilishtuka, ilikuwa nyembamba, ya pua, haikuwa sauti ya Baba hata kidogo. Wakafika njia panda, yeye na wale vijana wawili, farasi wakizunguka zunguka. Midomo yangu ilianza yenyewe: "Wadogo zangu, wanaotufuata ni wengi..." Goreti aligeuka akanitazama. "Dada, hasemi hivyo."

"Anasema nini?"

"Wanagombana. Anasema mmoja wao amemuuza kwa polisi. Anawaambia waondoke, hataki kuwaona tena."

"Wadogo zake?"

"Si wadogo zake. Ni watu wa kazi yake tu, wanaiba pamoja."

Mama mdogo akacheka kwa mshangao, akafunika mdomo. Mimi sikucheka. Tuliendelea kutazama mpaka vumbini, mpaka kofia pembeni na mkono ulionyooka, na mtu mmoja wa wale wawili amesimama na bunduki inafuka moshi, jambo ambalo mistari ya mkanda wetu ilikuwa imelifuta. Goreti akasema, bila ubaya wowote, kama mtoto anavyosoma kibao cha barabarani, "Amekufa." Nikasikia mwenyewe namjibu, "Amelala tu." Akaniangalia kwa huruma, mtoto wa miaka kumi, na hakunibishia.

Nilikwenda chumbani nikampigia Baba mdogo Anselmi. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kukaa. Nilimwambia nimeiona ile filamu, na mle ndani hakuna kaka wala wadogo, na Baba alitunga yote, na kwa maneno ya kutunga tumegawanywa kama kuku.

"Filamu gani?" aliuliza.

"Ile uliyoisema kwenye kikao, Baba mdogo. Ya jambazi."

"Mimi sijawahi kusema filamu. Kwenye lile banda sijaingia hata siku moja. Nilikuwa mwanakwaya."

"Ulisema Baba alisema. Wanaofuatwa wakienda pamoja humalizwa pamoja."

"Alisema," akajibu. "Alituambia sisi. Njia panda, juu ya mto, mwaka tuliokimbia Burundi. Yeye, na mimi, na Leonidasi."

Nikamuuliza Leonidasi ni nani. "Hakuwaambia," akasema, na hakuwa ananiuliza. Leonidasi alikuwa ndugu yao wa katikati. Baba alimpa njia ya mlima kwa sababu alikuwa na miguu mizuri. Baba mdogo, aliyekuwa wa mwisho, alipewa njia ya mto. Baba mwenyewe akabaki barabarani aonekane. Wawili walifika ng'ambo. Baba alikaa kwenye ukingo wa Tanzania akamngoja wa tatu, akakataa kupanda lori la kambi, mpaka wakampakia kwa nguvu. Miaka yote ile ya fimbo na televisheni, nikaelewa nikiwa nimekaa juu ya kitanda cha mdogo wangu, watu walilipa kiingilio kumsikiliza baba yangu akimzuia ndugu yake asife.

"Sasa kwa nini ulitutawanya?" nilimuuliza. "Wewe uliyejua mwisho wake?"

"Mimi nilipona kwa njia hiyo, mwanangu."

"Lakini sisi nani alikuwa anatufuata, Baba mdogo?"

"Hakuna," akasema. "Nilipowaona mmekaa watatu pale kwenye kochi, mmebanana, miguu yangu ilitaka kukimbia. Nilifikiri ni akili, kumbe ni miguu." Halafu akasema kama naweza kumrudisha Goreti nimrudishe, yeye hatanizuia. Juu ya Onesimo alisema nimuulize mwenyewe. Nilimuuliza, jioni ile ile, naye aliniambia kwa upole kwamba ameshazoea, ana kazi, na shuleni amebakiza mwaka. Siku alipofariki Baba mdogo, Onesimo ndiye aliyemvalisha suti.

Goreti nilimuuliza asubuhi, tukiwa tunakunja nguo. Nilimwonyesha shuka, nikamwambia ni za kitanda chake cha Louisville. Alizishika akazisifia, akaniuliza kama bado nafanya zamu ya mchana. Nikasema ndiyo, lakini nitaomba nyingine. "Wakikataa?" Nikasema nitatafuta kiwanda kingine. Alikunja soksi, akazitia moja ndani ya nyingine kama nilivyomfundisha. Alisema, na safari hii kwa Kiswahili, akikitafuta polepole neno kwa neno, "Hapa nikitoka shule kuna mtu. Mlango uko wazi. Kule nilikuwa naimba ili nyumba isinyamaze." Hakulia. Nilijua hilo ndilo jibu, na nilijua ni jibu la kweli, na katika maisha yangu yote sijawahi kusikia sentensi iliyoniuma zaidi. Nikamwambia basi, kaa. Shuka zikae pia.

Siku ya kuondoka Mama mdogo alinifungia chapati kwenye karatasi ya alumini, na mumewe akatoka kupasha gari joto anipeleke kituoni. Nilimuaga Goreti sebuleni. Mama mdogo akamwambia, "Vaa koti umsindikize dada yako mpaka kwenye gari." Goreti hakuinuka.

"Simsindikizi."

"Goreti! Adabu iko wapi?"

"Anayesindikizwa ni mgeni," alisema, macho yakiwa kwenye zulia. "Dada si mgeni. Anakwenda kazini."

Mama mdogo alinitazama aone kama nimeumia. Nilijifunga skafu, nikachukua chapati zangu, nikasema "Haya, naenda," kama nilivyokuwa nikisema kila mchana Louisville nikiwa mlangoni. Naye akasema "Haya." Nikashuka ngazi peke yangu. Mtu anayekwenda kazini hageuki nyuma, na mimi sikugeuka.